Kinachoshikilia Pafu

Digodigo ni kijiji miongoni mwa vijiji vichache vya Batemi, watu ambao majirani zao na serikali zote zilizopita wamezoea kuwaita Wasonjo, nacho kimekaa penye magenge ya Bonde la Ufa katika wilaya ya Ngorongoro, ambako maji ya chemchemi hugawanywa mashambani kwa mifereji na kwa zamu zinazosimamiwa na baraza la wazee tangu kabla ya Mdachi wala Mwingereza kuikanyaga nchi hii. Mbuzi ndiye mnyama wao wa karamu, na ndiye aliyetumika tangu zamani katika mahari. Mtu akisimama karibu na mchinjaji, ikiwa ana subira ya kutazama wala hakuja kwa ajili ya nyama tu, ataona jambo ambalo vitabu vya tiba vilichelewa sana kulieleza. Ngozi ikiisha kuchunwa na tumbo kupasuliwa, kiwambo kile chembamba chenye kutenga tumbo na kifua huonekana kimekazana na kupinda kuelekea kifuani, na kwa kuwa sehemu yake ya katikati ni utando unaopenya nuru, wekundu wa mapafu huonekana nyuma yake umegusana nacho pasipo nafasi. Kisu kikikitoboa, hata kwa tundu dogo, husikika mlio mfupi wa hewa kuingia, kiwambo hulegea, na mapafu hujitenga na mbavu yakarudi kuelekea uti wa mgongo, yakisinyaa hata yasifikie nusu ya ukubwa yaliokuwa nao. Hapana aliyeyagusa, hapana aliyeyakamua. Tena bomba la pumzi likikatwa, na kijana mmoja akalitia kinywani na kupuliza, mapafu huinuka, rangi yake ikageuka kutoka wekundu ulioiva kuwa waridi hafifu, kingo zake zikajaa na kunyooka. Akiondoa kinywa, yote hushuka, na pumzi yake mwenyewe humrudia usoni ikiwa na harufu ya damu.

Ni kitu gani, basi, kilichokuwa kimeyashikilia mapafu yale kabla ya kisu kupita? Swali hili liliwashughulisha wenye hekima kwa karne nyingi, na jawabu lake lilicheleweshwa na sababu moja kubwa, kwamba kila aliyekifungua kifua ili alione jawabu alikuwa ameliharibu kwa tendo lile lile la kukifungua.

Pafu halina msuli wa kulitanua. Limefanywa kwa nyuzi zenye kunyumbuka na kwa vijifuko vya hewa vidogo mno, takriban milioni 300 katika mtu mzima, ambavyo kuta zake zikikunjuliwa zote zaweza kutandaza eneo lipatalo mita za mraba 70; na kila uzi na kila kijifuko, tangu saa ya kuzaliwa hata saa ya kufa, hutaka kurudi katika udogo wake. Mbavu kwa upande wao hutaka kufunguka nje. Baina ya wawili hawa wenye kuvutana pana tando mbili laini, mmoja umelifunika pafu na mwingine umetandikwa ndani ya mbavu, na kati yake hamna kitu ila maji machache yasiyozidi vijiko kadhaa, ya kulainisha tu. Hewa haimo. Na kwa kuwa haimo, wala haina njia ya kuingia, tando hizo haziwezi kuachana ijapokuwa kila mmoja unavutwa upande wake, hata pafu likabaki limetandwa juu ya mbavu maisha yote pasipo gundi wala mshono. Mvuto ulio baina yake, ukipimwa kwa maji ndani ya bomba la kioo, ni kama sentimeta 5 mtu akiwa ametulia, na hufika kama 8 anapovuta pumzi. Kipimo kidogo kuliko urefu wa kidole, na uhai wote umetegemezwa hapo.

Mtu avutapo pumzi ya utulivu, kiwambo hujikaza kikashuka kadiri ya sentimeta moja au moja na nusu, mbavu za chini zikainuka kwa nje, kifua kikawa kipana kuliko kilivyokuwa, na pafu, lisiloweza kuachana na ukuta wake, likafuata. Ndipo hewa ya nje, kwa uzito wake yenyewe, ikaingia nusu lita kujaza nafasi iliyopatikana. Anapoitoa pumzi hafanyi kazi yoyote: misuli hulegea, na pafu kwa tabia yake hurudi. Kwa hiyo kifua hakitanuki kwa sababu kimejaa hewa, bali kinajaa hewa kwa sababu kimetanuka, na tofauti ya maneno hayo mawili iliwachukua wanadamu muda wa karne kumi na tano kuithibitisha.

Katika Batemi wahunzi walikuwa watu wa kundi lao, waitwao Waturi, wafua chuma na wafinyanzi; na mhunzi popote alipo hana budi na mvukuto. Matabibu wa kale waliutazama mvukuto wakadhani wameliona pafu, wala hawakukosea sana, ila mfano huo hautimii mpaka mtu atie kibofu ndani ya mvukuto, mdomo wa kibofu ukiwa nje, kisha aufungue mvukuto bila ya kukipuliza kibofu, nacho akione kinavimba chenyewe. Aliyefanya hivyo hasa, kwa mbao, kioo na kibofu cha mnyama, ni Mwingereza John Mayow katika karne ya 17. Lakini ili kuifahamu njia iliyofikisha huko yatupasa kurudi nyuma.

Jalinus, tabibu Myunani wa Pergamo aliyewatibu wapiganaji wa viwanjani katika karne ya 2, aliyaona majeraha ya kifua kwa wingi ambao tabibu wa amani hawezi kuyaona. Alikata neva za wanyama moja baada ya moja akajua kuwa kiwambo na misuli iliyo kati ya mbavu ndiyo ivutayo pumzi, na akasema kwamba pafu hukifuata kifua. Hilo lilikuwa kweli, na laiti wafuasi wake wangelishika hilo tu. Lakini alifundisha pia kuwa kazi ya pumzi ni kuupoza moto wa moyo, na kwamba damu huvuja kutoka upande mmoja wa moyo hata wa pili kwa vitundu visivyoonekana. Na kwa kuwa aliheshimiwa kupita kiasi, vitundu vile viliendelea kuaminiwa kwa zaidi ya miaka elfu moja na watu ambao hawakuviona hata mara moja.

Aliyevikanusha kwanza alikuwa mwanachuoni wa Kiislamu, Ibn al-Nafis, mzaliwa wa upande wa Damascus aliyefanya kazi na kufariki Cairo mwaka 1288. Katika sherehe aliyoiandika mwaka 1242 juu ya elimu ya viungo iliyomo katika Qanuni ya Ibn Sina, alisema bayana kwamba ukuta wa katikati ya moyo ni mnene, hauna tundu la wazi wala la siri, na kwamba damu haina budi kwenda mapafuni, ikachanganyike huko na hewa, ndipo irudi upande wa kushoto wa moyo. Maneno hayo yalilala katika makabati. Mwaka 1924 mwanafunzi wa tiba kutoka Misri, Muhyi al-Din al-Tatawi, ndiye aliyeikuta nakala yake katika maktaba ya Berlin na kuitangaza, na hapo ndipo Ulaya ilipotambua kuwa jambo ililodhani imelivumbua yenyewe katika karne ya 16 lilikuwa limekwisha andikwa Cairo miaka mia tatu kabla. Mimi naona kuwa hasara ya kusahauliwa kwake haikuwa ya fahari tu. Mtu ajuaye kuwa damu yote hupita mapafuni huuliza mapema zaidi jinsi mapafu yenyewe yanavyofunguka.

Andreas Vesalius, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1543, alieleza jinsi alivyokifungua kifua cha mnyama aliye hai, akaliona pafu limeanguka na moyo unaanza kutetemeka kama unaotaka kusimama. Akatia mwanzi katika bomba la pumzi, akapuliza, pafu likainuka na moyo ukarudia mapigo yake. Hayo hayakuwa mbali na yale anayoyafanya kijana wa Digodigo kwa kinywa chake, ila kwamba mnyama wa Vesalius alikuwa bado yu hai, na kwa hiyo jaribio lile lilikuwa mlango wa mashine zote za kupumulishia zilizokuja baadaye. Mwaka 1667, mbele ya wanachama wa Royal Society mjini London, Robert Hooke aliendelea mbele zaidi: mbwa mwenye kifua kilichofunguliwa aliwekwa hai kwa mivukuto, kisha mapafu yake yakatobolewa vitundu ili hewa ipite mfululizo bila ya mapafu kupanda wala kushuka, na mbwa hakufa. Ikadhihirika kwamba mwendo wa pafu si uhai wenyewe bali ni njia ya kuleta hewa mpya. Yafaa pia ikumbukwe kuwa Hooke, baada ya jaribio la kwanza la namna hiyo mwaka 1664, alimwandikia Robert Boyle kwamba hakutaka kulirudia kwa sababu ya mateso aliyoyaona kwa mnyama yule. Elimu tuliyonayo ya pumzi imelipiwa kwa pumzi za viumbe visivyoulizwa.

Ufunguo uliokuwa umepotea ulitoka kwa watu ambao hawakuwa matabibu. Evangelista Torricelli, nchini Italia mwaka 1643, aliijaza zebaki katika bomba la kioo, akaligeuza juu ya bakuli, akaona zebaki inasimama kama sentimeta 76 isishuke, akafahamu kuwa hewa ina uzito na kwamba sisi sote twaishi chini yake. Miaka mitano baadaye shemeji yake Blaise Pascal, kwa jina Florin Périer, alilichukua bomba la namna hiyo juu ya mlima Puy de Dôme katika Ufaransa, na zebaki ikashuka kadiri alivyopanda. Msafiri atokaye Dar es Salaam au Tanga, ambako zebaki husimama milimita 760, akapita Mto wa Mbu na Karatu hata ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita zipatazo 2,300 juu ya bahari, ataikuta imeshuka karibu na 575. Takriban robo ya uzito wa hewa ameiacha chini, na kifua chake humwambia hivyo kabla ya chombo chochote, kwa kuwa kila mkupuo wa pumzi una upana ule ule lakini hewa iliyomo ni haba. Uzito huu ndio usukumao hewa ndani ya kifua kilichotanuka, na ndio usukumao hewa ndani ya kifua kilichotobolewa.

Hapo kila kitu kilikuwa tayari, na bado zaidi ya karne moja ilipita kabla mtu hajapima nguvu za pafu lenyewe. James Carson, tabibu wa Liverpool, alifanya hivyo mwaka 1820, akaonyesha kuwa mnyumbuko wa mapafu si jambo dogo bali ni nguvu ya kudumu. Kisha akafikiri jambo la ujasiri zaidi. Aliona kuwa pafu lenye kidonda cha kifua kikuu haliponi kwa sababu halipati raha: mguu uliovunjika hufungwa gango ukatulia, lakini pafu lililooza huvutwa na kuachiwa mara kumi na tano kila dakika, usiku na mchana, na tundu lililomo hupanuliwa kila mara lisiweze kuziba. Je, ikiwa jeraha la kifua hulisinyaza pafu, na pafu lililosinyaa hutulia, haiwezekani tabibu kulitia jeraha dogo kwa makusudi? Alijaribu kwa wagonjwa wasiozidi wawili, akashindwa, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umekwisha zigandisha tando zao mbili pamoja hata hewa ikakosa pa kuingia.

Wakati huo Wafaransa walikuwa wameupa msiba huu, wa hewa kuingia kifuani na kulisinyaza pafu, jina lake la kitabibu. Itard alitumia neno nimothoraksi mwaka 1803, na Laennec, mvumbuzi wa kigogo cha kusikilizia kifua, alieleza mwaka 1819 dalili ambazo kila daktari wa leo huzitafuta, yaani upande wa kifua ulio wazi kwa sauti ya kugonga ilhali pumzi haisikiki ndani yake. Laennec mwenyewe alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1826.

Wazo la Carson liliamshwa tena na Carlo Forlanini wa Italia, aliyelitangaza mwaka 1882, mwaka ule ule ambao Robert Koch alikionyesha kijidudu cha kifua kikuu mjini Berlin. Alianza kumtibu mgonjwa wa kwanza mwaka 1888, na baada ya mwaka 1912 tiba yake ilienea ulimwenguni kote. Yafaa tuikaribie tuitazame, kwa kuwa haifanywi tena. Mgonjwa hulazwa kwa ubavu wake mzima, mkono wa upande mbovu umeinuliwa juu ya kichwa ili mbavu ziachane. Daktari hupapasa nafasi kati ya mbavu mbili chini ya kwapa, huifisha ganzi, kisha husukuma sindano polepole, na macho yake hayapo kwenye sindano bali kwenye bomba la kioo lenye maji ambalo limeunganishwa nayo kwa mpira. Maadamu ncha imo katika nyama, maji hayatikisiki. Mara ncha ipitapo utando wa nje, maji huruka kuelekea upande wa mgonjwa, kisha hupanda na kushuka kwa kufuata pumzi yake. Ule mvuto wa sentimeta chache, ambao kisu cha mchinjaji huupoteza kwa mara moja, umepata kuonekana kwa macho ukiwa mzima, ndani ya mtu aliye hai na mwenye kuzungumza. Maji yakikaa kimya daktari hathubutu kuendelea, kwa kuwa huenda ncha imo mshipani, na hewa ikiingia mshipani huua. Yakipanda na kushuka, hufungua bomba la gesi na kuacha mililita mia kadhaa ziingie, na pafu huanza kuachana na ukuta wake. Baada ya siku chache hurudia, kisha baada ya wiki kadhaa, kwa maana mwili huinyonya gesi ile. Na mgonjwa huendelea hivyo miaka miwili, mitatu, hata zaidi, akiishi kwa pafu moja na kulipumzisha la pili.

Watu wa leo huisoma habari hii wakashtuka. Mimi sioni haki kuihesabu tiba hiyo pamoja na ushirikina, kwa kuwa ilisimama juu ya ufahamu sahihi kabisa wa jinsi kifua kinavyofanya kazi, na wengi waliokuwa wakitema damu walinyamaza kikohozi chao wakarudi makwao. Wengine waliingia usaha kifuani, na wengine walikuta tando zao zimegandamana kama za wagonjwa wa Carson. Hao ndio waliokatwa mbavu ili ukuta wenyewe uporomoke juu ya pafu, au wakapondwa neva ya kiwambo shingoni ili kiwambo kipooze na kupanda juu.

Katika zama hizo ndipo Tanganyika ilipopata nyumba yake ya kwanza ya maradhi haya. Mwaka 1926 daktari Norman Davies alianza kazi Kibong'oto, katika miteremko ya magharibi ya Kilimanjaro, mahali palipochaguliwa kwa hewa yake baridi na utulivu wake kama zilivyochaguliwa sanatoria za milima ya Uswisi. Katika miaka ya 1930 Charles Wilcocks alipewa kazi ya kuuchunguza ugonjwa huo katika nchi, na taarifa yake ya mwisho ikapigwa chapa Dar es Salaam mwaka 1938. Mgonjwa wa Digodigo wa miaka hiyo, kama angelifika Kibong'oto, angelikuwa amevuka mbuga na magenge kwa miguu siku nyingi, akiwa na pafu lenye tundu. Na tiba bora ya ulimwengu ambayo angeliweza kuahidiwa ilikuwa kitanda, chakula, hewa ya mlima, na pengine sindano ya Forlanini.

Kisha dawa zikaja, na zama zile zikafungwa kwa upesi wa ajabu. Streptomisini ilipatikana Marekani mwaka 1943 kwa kazi ya Albert Schatz katika maabara ya Selman Waksman, isoniazidi ikafuata mwaka 1952, na haikuwa lazima tena kulisinyaza pafu ili lipone. Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji katika habari hii. Kuanzia mwaka 1970 hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, zikishirikiana na baraza la utafiti wa tiba la Uingereza, zililinganisha dawa za miezi 6 na zile za mwaka mmoja na nusu zilizokuwa desturi. Na matokeo yaliyotangazwa mwaka 1972 yakathibitisha kuwa mgonjwa aliyetiwa rifampisini pamoja na dawa nyingine aweza kupona kwa theluthi ya muda ule. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ambao Karel Styblo, Mcheki, aliushughulikia kwa bidii, na utaratibu uliojaribiwa katika wilaya za nchi hii ukawa kielelezo kwa mataifa. Kibong'oto yenyewe haikufungwa. Tangu mwaka 2009 ndiyo iliyoanza kuwatibu wale ambao vijidudu vyao vimekuwa sugu kwa dawa za kawaida.

Lilibaki swali moja ambalo hata Forlanini hakuliuliza: nguvu ya pafu ya kusinyaa yatoka wapi hasa? Kurt von Neergaard mwaka 1929 alilijaza pafu maji badala ya hewa akakuta lajaa kwa wepesi zaidi, akafahamu kuwa sehemu kubwa ya mvuto haitoki katika nyuzi bali katika ule unyevu unaofunika vijifuko, pale maji yanapokutana na hewa. Hakusikilizwa. Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead, huko Boston, walionyesha kuwa watoto njiti waliokufa kwa shida ya kupumua walikosa katika mapafu yao utelezi maalumu unaoupunguza mvuto huo, hata kila pumzi kwao ikawa na taabu kama ya kwanza. Tetsuro Fujiwara wa Japani mwaka 1980 aliwatilia utelezi uliotolewa katika mapafu ya ng'ombe, wakapata nafuu. Jambo hili lingestahili makala yake peke yake. Hapa yatosha kusema kwamba mapafu yale yanayotupwa kwa mbwa machinjioni yana ndani yake kitu ambacho huweza kumwokoa mtoto wa kilo moja.

Tukirudi kwa Batemi, ulimwengu ulivijua vijiji vyao kwa sababu nyingine. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alikuwa akitoa katika kijiji jirani cha Samunge kikombe cha dawa ya mti ambao Batemi huuita mugariga, kwa shilingi 500, na halaiki ya watu kutoka Tanzania yote, Kenya na mbali zaidi walizijaza barabara za vumbi kwa magari na hata kwa helikopta. Miongoni mwa wagonjwa hao walikuwamo wenye pumu. Katika pumu mambo hugeuka: pafu halikatai kufunguka, bali mirija yake imebana hata hewa iliyoingia haiwezi kutoka, kifua hubaki kimeinuka na kujaa, na kule kutoa pumzi, ambako Mungu amekujalia kuwe bure, huwa ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Mtu wa namna hiyo kupandishwa ukingo wa Ngorongoro na kushushwa katika vumbi, kisha akangoja siku kadhaa katika foleni, ni jambo ambalo moyo hauwezi kulifikiri bila ya huzuni. Na wapo wagonjwa waliofia katika safari ile.

Mgonjwa wa kifua wa Digodigo leo ana mahali pa karibu zaidi pa kukimbilia. Wasso, hospitali iliyoanzishwa katika miaka ya 1960 kwa jitihada za padri tabibu Mwaustria Herbert Watschinger, ipo katika wilaya hiyo hiyo, na barabara ya kutoka Sale, upande wa Batemi, kwenda huko, kilometa 49, imetiwa lami. Na dawa ya pafu lililosinyaa kwa jeraha, kwa ajali ya pikipiki, au kwa kupasuka lenyewe penye kovu la kifua kikuu cha zamani, haihitaji mashine ya fahari. Gotthard Bülau wa Hamburg aliitengeneza mwaka 1875 kwa bomba na chupa: bomba hutiwa kifuani kati ya mbavu, na mwisho wake huzamishwa sentimeta mbili hivi chini ya maji yaliyomo katika chupa iliyowekwa sakafuni. Mgonjwa akikohoa au kutoa pumzi, hewa iliyonaswa husukumwa nje ikatoka kwa mapovu. Akivuta, maji hupanda kidogo katika bomba lakini hewa hairudi, kwa kuwa maji yamefunga njia. Kwa kila kikohozi hewa ya kifuani hupungua, na tundu la pafu likiisha kujiziba, pafu huinuka hata likafika ukutani na kushikwa tena.

Anayemsindikiza mgonjwa wa namna hiyo kwa gari hana budi kuishika chupa chini ya usawa wa kifua wakati wote, hata pale machela inapopandishwa na kushushwa, kwa sababu mvuto ule ule wa sentimeta chache unaolishika pafu utayavuta maji yaingie kifuani endapo chupa itainuliwa juu. Wala asilibane bomba kwa kuyaogopa mapovu. Mapovu ni hewa inayotoka. Likibanwa ilhali tundu la pafu bado li wazi, hewa hujikusanya kifuani kwa kila pumzi pasipo pa kutokea, huusukuma moyo upande wa pili na kuizuia damu isirudi ndani yake, na muda wa kutoka Sale hata Wasso ni mwingi kuliko unaohitajika kwa hilo kumwua mtu.